Zumari na Wimbo wa Magunia

Huyu ni Zumari, binti Mwita Mabasi, binti Mkung'uta Magunia, binti Kofia Chini. Kofia Chini alikuwa mama yangu mzazi. Alimsema msimamizi wa kinu cha unga mbele ya watu mpaka bwana yule akavua kofia na kuomba radhi, na tangu siku hiyo wafanyakazi wakapewa maji ya kunywa. Mkung'uta Magunia ni mimi. Mwita Mabasi ni binti yangu, anayetangaza safari pale stendi. Sauti yake iliwahi kumrudisha dereva aliyekwisha kutoka getini na kumwacha abiria wake chooni. Ukoo wetu hauna shamba wala duka. Una koo tu, na koo hilo limetulisha.

Ili mtu aelewe yaliyompata Zumari, lazima kwanza aingie na mimi kibandani.

Kibanda cha magunia kilikuwa nyuma ya kinu. Magunia matupu yalirudi kutoka kwa waoka mikate na wenye maduka, nasi tuliyageuza ndani nje, tukayapiga kwa fimbo, tukayakung'uta, yaliyotoboka tukayashona, yakaenda kujazwa tena. Unga unaobaki kwenye gunia si mwingi, lakini ni laini kuliko poda na unaijua njia ya kwenda kifuani. Ukifungua mdomo umekula. Wenzetu kadhaa waliondoka duniani wakikohoa kikohozi cheupe, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo tulifunga midomo. Lakini kundi la wanawake kukaa kimya kutwa nzima, hilo bado halijaonekana popote. Tukaimba hivyo hivyo, midomo imefungwa.

Mtu atauliza, inawezekanaje? Shuleni, kabla sijatolewa, mwalimu wetu wa darasa la pili alitupigisha makofi kwa kila silabi. M-to-to: makofi matatu. Alituambia m ile imesimama kwa miguu yake yenyewe, haihitaji kuegemea a wala e. Wengi walisahau wakaenda zao. Mimi sikusahau. Kibandani, mama yangu akiwa kati yetu, tukayachagua maneno yenye m za namna hiyo, tukayapanga:

*Mchana mrefu, mzigo mzito,*
*mtu mmoja, mlango mdogo.*

Wimbo ulikaa kwenye hizo m. Midomo imebanwa, sauti inapita puani na kwenye mifupa ya uso, inavuma kama jiwe la kinu likisikika kwa mbali. Halafu neno linafunguliwa upesi, unga usije ukaingia, na kufungwa tena. Msimamizi alipopita hakujua nani anaimba. Akitutazama, sote midomo imefungwa kama wafiwa.

Zumari hakufundishwa wimbo huo. Mama yake alikuwa stendi, mimi kibandani, basi mtoto nilimbeba. Sikio lake lililala kwenye uti wangu wa mgongo mwaka mzima, nadhani m ile ilimwingia kupitia mifupa. Kabla hajajua kuomba maji alikuwa anavuma. Shonashona, mwenzangu aliyekuwa akishona magunia yaliyotoboka, alisema, "Huyu mtoto amemeza zumari." Jina likakaa.

Alikua, akasoma kuliko sisi sote, akaingia chuo cha ualimu. Huko akajiunga na kwaya. Siku moja alirudi nyumbani anaruka.

"Bibi, kuna warsha ya sauti chuoni!"

"Inawasha nini?"

"War-sha, bibi. Mafunzo. Anakuja mwalimu wa sauti, amesoma ng'ambo. Siku ya mwisho kutakuwa na tamasha, na atachagua mtu mmoja wa kuimba peke yake mbele ya kwaya. Huyo ndiye atakuwa kiongozi wa sauti, na kwaya ikisafiri anasafiri mbele."

"Na wengine?"

"Wengine tunaitikia."

Mdogo wake, tuliyekuwa tukimwita Pilipili kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa anaosha vyombo karibu na bomba. Akasema, "Wewe utaitikia. Una sura ya kuitikia." Akarushiwa maji.

Siku ya kwanza mwalimu yule, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Pumzi, aliwaagiza kila mmoja alete wimbo wa nyumbani kwao. Zumari aliimba wa magunia. Aliniambia mwenyewe: alipomaliza, yule bwana alikuwa ameondoa mikono kwenye kinanda na kuiweka mapajani. Akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena, safari hii akiwa amefumba macho. Halafu akawaambia wote, "Wimbo wa tamasha tumeupata."

Nyumbani siku hiyo ilikuwa sherehe bila sherehe. Binti yangu alirudi kutoka stendi sauti imemkauka, lakini bado alipata ya kupiga vigelegele. Zumari akanishika mikono.

"Bibi, utakaa mbele. Kiti cha mbele kabisa. Nitauimba mimi, na nitasema umetoka kwa nani."

"Amekwambia utauimba wewe?"

"Amesema ataamua. Lakini bibi, nani mwingine atauimba? Wimbo si wa kwetu?"

Niliona sawa. Yeyote angeona sawa.

Ndipo yakaanza marekebisho.

Mwalimu Pumzi alikuwa na mambo yake. Aliwalaza sakafuni na kitabu kizito tumboni, kitabu kipande na kushuka. Aliwafanya wapulize midomo kama farasi. Hayo Zumari aliyapenda, na pumzi yake ilirefuka kweli, sitaficha. Lakini alipofika kwenye wimbo wenyewe, yule bwana akapiga kinanda kwa kiganja.

"Binti, unaimba kama mtu anayeumwa jino. Mbona unafunga mdomo?"

"Ndivyo unavyoimbwa, mwalimu."

"Sauti inakaa kwenye irabu. A, e, i, o, u. Konsonanti ni mlango, irabu ni chumba. Wewe umelala mlangoni."

Darasa likacheka. Zumari aliponisimulia hakucheka, nami sikucheka. Sisi tulilala mlangoni maisha yetu yote, na wimbo wenyewe unasema ni mlango mdogo.

Akamwambia aimbe *mu-chana mu-refu, mu-zigo mu-zito*, apate irabu ya kusimamia. Na midomo ilipokataa, ikajifunga yenyewe kwa mazoea, akampa kizibo cha chupa, kile cha gome laini, akibane kati ya meno ya mbele na kuimba hivyo, mpaka mdomo ujifunze kukaa wazi.

Mtu mwenye kizibo kati ya meno hawezi kusema m. Jaribu. Midomo haikutani. Mjukuu wangu alizunguka nyumba nzima na kizibo kile, akifagia, akipanga nguo, akichemsha maji, akiimba *uchana urefu, uzigo uzito*, mate yakimtiririka kidevuni.

"Dada siku hizi si mtu," Pilipili akasema. "Ni utu."

Mama yake akamtetea mwalimu. "Mwache afungue mdomo. Mimi nikifunga mdomo pale stendi, nani atapanda basi?"

"Wewe unaita mabasi," nikamwambia. "Yeye anaimba."

"Mama, kufungua mdomo ni kufungua mdomo."

Nikamgeukia mwenyewe. "Mjukuu wangu, toa hicho kitu kinywani. Wimbo huu ukiufungua unatoka upepo."

Akakitoa, akakifuta kwa upindo wa gauni. Alinijibu kwa adabu, na ndiyo maana jibu lake liliingia ndani.

"Bibi, ninyi mlifunga kwa sababu ya vumbi. Ukumbini hakuna vumbi."

Alisema kweli. Kinu kilikwisha fungwa, kibanda kimevunjwa, na mimi nilikuwa nataka mtoto aliyezaliwa kwenye hewa safi abane midomo kama bado analinda kifua. Akarudisha kizibo.

Siku chache kabla ya tamasha alisahau sweta, na asubuhi ilikuwa na baridi, basi nikampelekea. Chuo kile kina korido ndefu yenye sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, na madirisha ya juu juu, mtu hawezi kuchungulia nje. Mwishoni, mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nusu. Walikuwa mapumzikoni. Zumari alikuwa amesimama ukutani na msichana mmoja mrefu, mweupe wa meno, amevaa saa ndogo. Huyo walimwita Kioo, kwa sababu alijitazama kila alipopita dirishani, na mwenyewe hakukasirika kuitwa hivyo. Nilisikia anauliza.

"Ile ya siku ya kwanza, kabla hujarekebishwa, ulikuwa unafanyaje? Mimi nilisisimka mwili mzima."

"Ah, ile imekatazwa."

"Nionyeshe tu. Nataka kujua inatokea wapi."

Mjukuu wangu hana choyo. Hiyo ameitoa kwa baba yake, si kwetu. Akashika vidole vya yule msichana, akaviweka kwenye mfupa wa pua yake mwenyewe, akafunga midomo, akavuma. *Mmm-chana.* Kioo akacheka kwa kushangaa. "Inatetemeka!" Kisha akajaribu yeye, Zumari akimgusa pua, akimwambia teremsha taya, usibane meno, midomo tu ndiyo ikutane. Walikuwa wanacheka wote wawili kama watoto wenye siri. Mwalimu Pumzi akapita na kikombe chake cha chai, akasimama kidogo, akatazama, akaenda zake.

Nilimpa Zumari sweta, nikarudi nyumbani. Sikuwaza lolote.

Siku ya tamasha binti yangu aliomba ruhusa stendi, akanisuka, akanivalisha. Tulikaa mbele. Pilipili alikalia mkono wa kiti changu mpaka akafukuzwa. Jina la mwimbaji halikuwa limetajwa. Mwalimu alisema kila mmoja afanye mazoezi kama vile ni yeye. Zumari alikuwa amefanya. Midomo ilikwisha kubali. Aliweza kuimba *mu-tu mu-moja* mdomo wazi kama dirisha, sauti nzito, safi, imenyooka, na asubuhi ile alinikumbatia akaniambia, "Leo bibi. Leo."

Kwaya ikapanda jukwaani. Zumari alikuwa safu ya pili. Akatoka mtu mbele, na alikuwa Kioo.

Nitasema jambo moja hapa, kwa sababu wapo watakaodhani ninasema kwa wivu. Kioo aliimba vizuri. Alisimama ametulia, akafunga midomo, na ile m ikatoka. Ile yetu. Ilivuma ukumbi mzima, ikapita chini ya viti, nikaisikia mifupani, nikaona fimbo, nikaona vumbi limesimama kwenye mwanga wa tundu la bati, nikamwona mama yangu. Machozi yalinitoka kabla sijayakataza. *Mmm-chana mmm-refu.* Mwanamke aliyekaa nyuma yangu alikuwa analia kwa sauti. Na kwaya nyuma ikaitikia mdomo wazi, *mu-zigo mu-zito*, na mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa waliofungua.

Makofi yalichukua muda mrefu. Mwalimu Pumzi alisema maneno machache. Alisema wimbo ni wa wanawake wa kazi za zamani, umeletwa na mwanafunzi mmoja, na kwamba katika warsha "tumeufanyia kazi", na lile la kufunga mdomo wamelitafuta kwa muda mpaka wakalipata.

Walilitafuta! Kwenye mfupa wa pua ya mjukuu wangu, kwenye korido.

Watu walipokuwa wanatoka, Zumari alimfuata pale kwenye kinanda. Nilikuwa karibu, nimeegemea jukwaa kwa sababu ya miguu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, mimi nilikuwa naifunga hivyo. Siku ya kwanza. Ukaniambia nimelala mlangoni."

"Najua, binti. Nakumbuka."

"Ukanipa kizibo."

"Na umefika mbali. Sasa una irabu nzuri kuliko wote pale." Alikuwa anakunja nyaya za kinanda, na alizungumza kwa upole, kama daktari. "Sikiliza. Wewe ulifunga kwa mazoea. Mwenzio amefunga kwa kuchagua. Aliye na mazoea hajui anachofanya, na asiyejua siwezi kumweka mbele. Sanaa ni kuchagua. Utanielewa baadaye."

"Angeichagua wapi, kama nisingemwonyesha?"

Akamaliza kukunja waya wa mwisho. Kisha akamwambia nafasi yake safu ya pili ipo, kwaya inamhitaji, sauti ya kuitikia vizuri ni adimu.

Kioo naye akaja mbio, amelowa jasho, akamkumbatia. "Dada, asante! Bila wewe nisingeweza." Na alimaanisha, hilo ndilo lililokuwa baya. Angekuwa mwizi tungemtukana, tukalala usingizi. Zumari akampigapiga mgongoni akamwambia, "Umeuimba vizuri." Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yetu. Mama yake, ambaye koo lake halijawahi kukosa neno mbele ya dereva yeyote, alinyamaza.

Kesho yake nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma.

"Mwanangu, achana nao. Niimbie mimi. Kama zamani."

Akafunga midomo. Akaanza. Akakatiza. Akaanza tena, akaweka kidole kwenye pua, akakitoa. Mimi niliisikia: ilikuwa m, lakini ya kufunga, kama mtu anayefunga kopo.

"Haiji, bibi."

"Mbona naisikia?"

"Na mimi naisikia. Ndiyo shida. Zamani nilikuwa siisikii." Akatazama mikono yake. "Nikiifunga najisikia nimeifunga. Taya, ulimi, pumzi. Vyote naviona. Nikiifungua naona nimeifungua. Bibi, nimesimama kizingitini, siingii wala sitoki."

Nilimwambia itarudi. Haikurudi. Hakurudi kwaya pia. Alimaliza chuo, akapewa darasa la kwanza kwenye shule ya jirani, na huko ni mwalimu mzuri, wazazi wanamsifu. Anawapigisha makofi: m-to-to, m-ti, m-ke. Niliwahi kupita dirishani nikamsikia. Aliitamka m ile haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya aliyemwacha.

Kizibo bado anacho. Amekiweka chini ya mguu wa kitanda chake unaoyumba.

Mwaka huu Shonashona alifariki, na kwa hiyo kati ya wale wa kibandani nimebaki mimi. Tulikuwa na kawaida yetu: mmoja wetu akiondoka, waliobaki wanamwimbia wimbo wa magunia kabla hajatolewa nyumbani. Sisi wenyewe tulijipangia, wala hakuna aliyetuuliza. Zamani ulianzwa na mama yangu, kisha mimi. Sasa kifua changu hakinipi hata mstari mmoja mzima. Shonashona alikwisha sema akiwa kitandani, "Zumari ataanza." Mimi sikumwambia kwamba m ile haikurudi.

Chumba kilijaa wanawake. Zumari alikuwa anapitisha vikombe vya chai. Jirani mmoja, mtu mwema tu, akasema, "Jamani, marehemu alifanya kazi kinuni. Tumwimbie ule wimbo wa kwaya ya chuo. Ule wa mchana mrefu. Mnaujua?"

Wimbo wa kwaya ya chuo.

Wengine wakasema ndiyo, wameusikia redioni, ni mzuri sana. Zumari akaweka sinia chini taratibu, kikombe kisilie. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda mlangoni kweli, akaita.

"Pilipili! Njoo hapa."

Pilipili ameshakua, anamzidi dada yake urefu. Akaja akikausha mikono kwenye sketi. "Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu. Utaanza wimbo wa magunia."

"Mimi? Si wako huo, dada? Mimi naimba nikiosha vyombo tu."

"Nakusikia ukiosha vyombo." Zumari alizungumza chini, lakini wote walimsikia. "Kuanzia leo ni kazi yako. Sasa unaanza kwa huyu, na bibi akiondoka utaanza wewe."

"Mimi nipo hapa nawasikia," nikasema. Wanawake wakacheka kidogo, wakajizuia.

Zumari hakucheka. Alimshika mdogo wake mabega, akamgeuza, uso ukaelekea ukutani.

"Na mtu akikuuliza unaifungaje hiyo m, awe mwalimu, awe rafiki, awe mimi, mwambie hujui. Usimwonyeshe. Usimpe kidole kwenye pua."

"Lakini dada, kweli sijui."

"Basi usijue. Tazama ukuta, wasikuone mdomo. Sisi tutaitikia. Anza."